Barua ya wazi kwa wasimamizi wa usalama wa majini: Mtu akiomba msaada Ziwa Victoria, nani anapokea?

Ofisi ya Katibu wa Mwalo,
Wilaya ya Ilemela,
Mwanza.

Kwa: Viongozi wote mliopewa dhamana ya usalama wa vyombo vya majini, utafutaji na uokoaji katika Ziwa Victoria.

Waheshimiwa,

YAH: WITO WA DHARURA ZIWANI NA WAJIBU WA KUUPOKEA

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Ninawaandikia nikiwa katibu wa mwalo mmoja, yaani ufukwe wa kuegesha mitumbwi na kupokelea samaki, wilayani Ilemela, kwa niaba ya wenye mitumbwi, manahodha, wavuvi na wachuuzi wa dagaa walionituma. Barua zetu za awali kuhusu jambo hili zilipokelewa kaunta, zikagongwa muhuri na tukarudishiwa nakala, ambazo ninazo kwenye jalada hadi leo. Majibu hayajaja. Tulipofuatilia tuliambiwa suala linafanyiwa kazi, kisha tukaambiwa afisa aliyekuwa nalo amehamishwa, na mwishowe tukaombwa tuandike upya. Kwa kuwa njia ya ofisini imetufikisha hapo, tumeona tuandike hadharani, kwa heshima ileile, ili kila anayesafiri na kufanya kazi ziwani ajue tunachoomba.

Wito wa dharura una anayeutoa na anayeupokea. Kwa miaka mingi mmetuhimiza tuvae majaketi okozi, tusizidishe mzigo, tusikilize utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na yote hayo tunayaunga mkono bila kinyongo. Lakini swali la nani anasikiliza saa nane usiku, kwa chombo gani, na akiwa na mamlaka gani ya kutuma boti, halijajibiwa. Mkoa huu hauhitaji kukumbushwa gharama ya ziwa. Makaburi ya Igoma yapo, ya wale waliozama na MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka ikikaribia gati la Bwisya, kisiwani Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Ajali hizo mbili zilijulikana nchi nzima kwa sababu vyombo vilikuwa vikubwa. Mtumbwi wa watu watano ukizama, habari yake huishia mwaloni, na kwa makadirio ambayo Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekuwa likiyanukuu, ziwa hili huua kati ya watu 3,000 na 5,000 kila mwaka katika nchi zote tatu. Hesabu kama hiyo haiwezi kutoka kwenye meli za abiria peke yake. Wengi wao ni watu wa mitumbwi.

Malalamiko yetu ni haya yafuatayo.

1. Chombo chetu pekee cha kuomba msaada ni simu ya mkononi, na hicho hakitoshi.

Mvuvi wa dagaa huitia simu yake ndani ya mfuko wa nailoni, akaufunga kwa uzi wa nyavu na kuuweka kifuani chini ya koti. Chombo kikianza kuingiza maji, fundo lile halifunguki kwa vidole vyenye baridi, na likifunguka simu hulowa kabla hajaipata namba. Tena simu ilitengenezwa kwa ajili ya nchi kavu. Mtandao wa simu wa GSM katika mpangilio wake wa kawaida hauihudumii simu iliyo zaidi ya kilomita 35 kutoka mnarani, hata kama anga ni safi, ilhali wavuvi wa sangara wanaoelekea upande wa kisiwa cha Goziba huingia ndani ya ziwa kuliko hapo.

Hata penye mtandao kuna kasoro kubwa kuliko hizo, nayo ni kwamba simu humfikia mtu mmoja. Boti iliyo kilomita mbili kutoka kwa anayezama haisikii kitu, na anayesikia yuko kitandani Kirumba, mjini Mwanza. Redio ya upepo ya majini hufanya kinyume chake. Anayeita kwenye chaneli ya 16, yaani masafa ya megahezi 156.8 yaliyotengwa duniani kote kwa dharura za majini, husikika kwa wakati uleule na kila chombo jirani chenye redio iliyowashwa. Jambo hili lina uzito kwetu kwa sababu mwokoaji wa kwanza ziwani karibu siku zote ni mvuvi aliyekuwa jirani. Ndege ya abiria ilipoanguka majini karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, watu 24 kati ya 43 waliokuwamo walitoka hai, na waliowafikia kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Wito usiomfikia mvuvi jirani umempita mtu mwenye uwezo wa kufika kwa wakati.

Tunajua mipaka ya redio hizo. Mawimbi yake husafiri kwa mstari ulionyooka, na mviringo wa dunia huyakata, hivyo mitumbwi miwili yenye redio za mkononi husikilizana kwa kilomita chache tu. Lakini antena ikiwekwa mita 100 juu ya usawa wa maji, kwa hesabu hiyohiyo inaweza kumsikia mwenye redio ya mkononi aliye umbali wa kilomita 40 hivi. Mwanza ni mji wa mawe na vilima, na Ukerewe nako viko vilima. Minara tumeshajengewa na Mungu, zimebaki antena.

2. Hakuna anayejulikana kuwa ndiye mpokeaji.

Namba yangu imeandikwa kwa rangi kwenye ukuta wa banda la kupimia samaki, na kwa sababu hiyo ndiyo inayopigwa. Usiku mmoja wa giza, msimu wa dagaa, nilipokea simu ya nahodha kijana wa mwalo wetu. Upepo ulikuwa ukivuma ndani ya simu, nikasikia maneno machache: “Katibu, tunazama, tuko huku kwenye taa.” Nikamuuliza ni taa zipi. Akarudia, “Huku kwenye taa,” kisha simu ikakatika na haikupatikana tena. Anayelijua ziwa letu anaelewa kilichofuata. Usiku wa giza ndio usiku wa dagaa, na ukisimama ufukweni unaona taa za wavuvi zimetanda hadi upeo wa macho kama mji mwingine uliojengwa juu ya maji.

Nilipiga namba ya ofisi iliyokuwa kwenye tangazo, ikaita mpaka ikakatika. Namba ya pili ilipokelewa na mlinzi ambaye, kwa uungwana wake, alinitafutia namba binafsi ya afisa. Afisa akanieleza kwamba boti haina mafuta, na kwamba kukikucha nipeleke taarifa kwa maandishi. Tuliamsha watu, tukanyonya petroli kidogo kidogo kutoka kwenye matangi ya injini zilizoegeshwa, na boti zikatoka bila kujua zielekee wapi. Asubuhi wachuuzi waliokuwa wakija Mwanza kutoka visiwani waliwakuta wanne wameshikilia mtumbwi uliopinduka. Wa tano, kijana aliyekuwa akishughulikia taa, alikuwa ameshachukuliwa na maji.

Simtaji afisa yule wala ofisi yake. Nimelieleza tukio hili kwa sababu usiku ule, katika ufukwe wote huu, hakukuwa na mtu mmoja ambaye zamu yake ya kazi ilikuwa kusikiliza, na kama yupo, basi sisi tunaopigiwa simu hatujawahi kuambiwa anapatikana wapi.

3. Kutorejea hakuhesabiwi kuwa wito.

Si kila anayezama hupata nafasi ya kuita. Ngurumo na dhoruba za ziwa hili hupenda usiku: nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, hewa ya pande zote husogea kuelekea katikati ya ziwa, hukutana huko na kupanda juu, na mawingu makubwa hujengeka kati ya usiku wa manane na alfajiri, saa zilezile ambazo mvuvi wa dagaa yuko kazini. Pigo la upepo wa namna hiyo haliachi muda wa kupiga simu. Kwa hiyo mwalo wetu una daftari ambalo kila nahodha huandikisha idadi ya watu, upande anaokwenda na saa anayotarajia kurudi. Daftari hilo ni letu wenyewe na halimbani mtu nje ya mwalo. Tunapotoa taarifa kwamba chombo kimepitisha saa yake, tunaulizwa kama tuna uhakika kwamba kimezama, na tunaambiwa tuvute subira. Uhakika huo utatoka wapi kabla ya kutafuta? Mtu aliye majini na jaketi ana saa kadhaa za kuishi, na asiye na jaketi ana chache sana. Kila saa ya subira inatolewa kwenye saa hizo.

4. Mvuvi hajafundishwa aseme nini.

Kijana aliyenipigia hakukosa ujasiri. Alikosa mafunzo ya nusu siku. Wito unaofaa una mpangilio unaojulikana duniani, na mpangilio huo una sababu zake. Jina la chombo na mahali kilipo hutangulia, kwa kuwa mawasiliano yanaweza kukatika wakati wowote, na mwenye kujua mahali anaweza kutoka kwenda kusaidia hata kama hajui zaidi. Shida iliyotokea hufuata, kisha msaada unaohitajika, kisha idadi ya watu, halafu mwitaji huachia kitufe na kusikiliza. Kwa mazingira yetu wito ungekuwa hivi:

“Mayday, Mayday, Mayday. Hii ni boti Neema, boti Neema, boti Neema. Niko kati ya Bugolora na Bwisya, katikati ya mkondo, taa za Bwisya ziko mbele yangu. Injini imezima na tunaingiza maji. Tunahitaji boti ya kutuchukua sasa hivi. Tunahitaji boti ya kutuchukua sasa hivi. Ova.”

Wito huo hauchukui hata dakika moja. Unasemwa kwa Kiswahili, na ni lile neno la mwanzo tu linalotakiwa kubaki kama lilivyo, kwa kuwa linatambulika kila mahali. Asiyeona taa za nchi kavu anaweza kutaja saa aliyotoka, mwalo aliotoka na upande aliouelekea, na mtu anayelijua ziwa atakisia alipo. Mwenye simu janja anaweza kufanya zaidi, kwa sababu simu hiyo hupokea mahali ilipo kutoka kwenye setilaiti hata pasipo na mtandao. Wachache mno wanajua kwamba wanaweza kuzisoma namba hizo na kuzituma kwa ujumbe mfupi, ambao mara nyingi hupenya pale ambapo sauti imekatika. Jambo hili halihitaji ununuzi wowote. Linahitaji mtu aje mwaloni na kulifundisha.

5. Anayeitikia wito hujigharimia.

Boti za wavuvi zinapotoka usiku kutafuta wenzao, petroli ni yao, injini ni yao, na siku ya kazi inayopotea ni yao. Hawajawahi kudai malipo ya kuokoa mtu, wala mimi siwadai kwa niaba yao. Lakini ni aibu kwa nchi kwamba utafutaji wa binadamu husimama kwa sababu michango ya petroli imeisha.

6. Ziwa lina mipaka, upepo hauna. Mtumbwi uliozima injini unaweza kusukumwa hadi maji ya Uganda au Kenya, na huko simu ya nahodha huingia kwenye mtandao wa kigeni, mara nyingi bila salio la kuutumia. Kwa yaliyotupata, mawasiliano na upande wa pili yamefanywa na wafanyabiashara wa samaki wanaofahamiana.

Waheshimiwa, yapo majibu tuliyokwisha kuyasikia, na ni haki tuyajibu hapa.

Tumeambiwa kwamba kituo kinakuja. Tunaufahamu mradi wa mawasiliano na usafiri wa Ziwa Victoria ulio chini ya Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, ambao ndani yake Mwanza inapata kituo cha kuratibu utafutaji na uokoaji, nasi tunaushukuru kwa dhati. Hata hivyo jengo na mitambo ya kupokea havitamfaa mvuvi asiye na redio na asiyejua namba ya kituo. Maandalizi ya mwaloni yanapaswa kwenda sambamba na ya kituoni.

Tumeambiwa kwamba wavuvi ni wakaidi, hawavai majaketi. Wapo, na tunawakemea kila siku. Lakini kijana aliyenipigia usiku ule hakuwa amekosea kupiga simu, na ukaidi wa mwingine hauwezi kuwa sababu ya kutopokelewa kwake.

Tumeambiwa pia kwamba redio zikigawiwa zitatumika kwa porojo na kwa wito wa uongo. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ni utaratibu. Kila redio iandikishwe kwa jina la chombo, chaneli ya 16 iachwe kwa ajili ya kuita na dharura, mazungumzo ya bei ya dagaa yapelekwe chaneli nyingine, na anayeita uongo kwa makusudi achukuliwe hatua. Anayeita kwa hofu ya kweli, kisha injini yake ikawaka, asiadhibiwe kamwe, maana tukimwadhibu huyo, mwingine atachelewa kuita.

Kuna hofu nyingine, ambayo hamjaitaja ninyi bali wavuvi wenyewe, nami siwezi kuinyamazia. Maharamia wanaonyang’anya injini na nyavu wapo ziwani, na baadhi ya manahodha wanaogopa kutangaza mahali walipo kwenye chaneli inayosikika na kila mtu. Tumelijadili hili mwaloni kwa kirefu. Zipo redio zenye kitufe chekundu cha dharura, ambacho kikibonyezwa hutuma kupitia chaneli ya 70 namba ya utambulisho ya chombo pamoja na mahali kilipo, na kurudia hadi kituo kijibu. Vipo pia vifaa vinavyotuma ishara moja kwa moja kwa setilaiti kwa masafa ya megahezi 406, visivyohitaji mnara wowote, mradi viwe vimesajiliwa ili mpokeaji ajue ni vya nani. Bei yake haimo ndani ya uwezo wa mwenye mtumbwi mmoja, lakini boti za abiria na za mizigo ziendazo visiwani zinaweza kulazimishwa kuwa navyo. Kwa mvuvi wa kawaida, redio ya mkononi inatosha kuanzia, na anayezama hana tena injini ya kuibiwa.

Kuhusu bajeti nitasema kwa kifupi. Mengi ya tunayoomba ni zamu za watu waliokwisha kuajiriwa, rangi ya ukutani na nusu siku ya mafunzo kwa kila mwalo.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo.

(a) Itangazwe namba moja ya simu ya dharura za Ziwa Victoria kwa upande wa Tanzania, inayopokelewa usiku na mchana kwa Kiswahili, na inayopigika bila salio. Kama uamuzi ni kuitumia 112, ambayo wananchi wanaifahamu kuwa ya polisi, basi anayepokea aelekezwe kumuunganisha mwitaji papo hapo na mtu mwenye ramani ya ziwa mezani. Namba hiyo ichorwe kwenye ukuta wa kila mwalo na ubavuni mwa kila boti ya abiria. Namba yangu iliyo bandani nitaifuta siku hiyohiyo.

(b) Chaneli ya 16 isikilizwe saa zote kutoka kwenye vilima vya Mwanza na Ukerewe kwa kuanzia, na kila mwalo uwe na redio moja yenye zamu ya usiku. Zamu hiyo vikundi vyetu vya BMU, yaani vya wavuvi vinavyosimamia mialo, viko tayari kuishika. Mvuvi anayetaka kununua redio yake aelezwe kwa lugha nyepesi namna ya kupata kibali cha masafa, bila kutumwa kutoka dirisha hadi dirisha.

(c) Daftari la mwalo litambuliwe rasmi, na chombo kinachopitisha saa mbili baada ya muda wake wa kurudi bila taarifa kihesabiwe kuwa kimeomba msaada. Afisa wa zamu awe na mamlaka ya kutuma boti bila kusubiri barua.

(d) Mafunzo ya wito wa dharura yatolewe kwenye mialo, kwa vitendo, redio ikiwa mkononi mwa mvuvi, yakianzia visiwani ambako boti ya serikali huchukua muda mrefu zaidi kufika. Kila nahodha apewe kadi isiyolowa yenye mpangilio wa maneno kama nilivyouonyesha.

(e) Kila wilaya ya ufukweni itenge akiba ya petroli kwa ajili ya utafutaji, na ifunguliwe kwa saini ya mtu anayepatikana usiku.

(f) Makubaliano ya kupashana taarifa na vituo vya Uganda na Kenya yaelezwe kwa wananchi, pamoja na jina la ofisi inayohusika upande wetu.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30 tangu kuchapishwa kwa barua hii, likijibu kila ombi kwa herufi yake. Ombi lisilowezekana litajwe na sababu yake, nasi tutaipokea sababu hiyo na kuijadili. Tunaomba pia mtume afisa mwenye uwezo wa kuamua, aje kwenye mkutano wa mwalo. Tukutane wakati wa mbalamwezi, kwa sababu siku hizo wavuvi wa dagaa huwa nchi kavu na watahudhuria wote.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Katibu wa Mwalo,
kwa niaba ya wavuvi na wasafirishaji,
Ilemela, Mwanza.